Maji ya kukeneka kwa tangi la samaki wa baharini: angalia kwanza bomba la mvuke

Ukianza kufuga samaki wa baharini nyumbani, utasikia mengi kuhusu pampu, taa na mawe. Mimi nataka tuzungumze kuhusu maji ya kubadilishia, maana hapo ndipo nilipopoteza kamba wangu wote.

Maji ya kisima chetu hapa Dar ni magumu. Ukichemsha, sufuria inabaki na ukoko mweupe. Nikamwomba fundi anitengenezee mtambo wa kukeneka, yaani kuchemsha maji na kuupoza mvuke wake uwe maji tena: sufuria yenye mfuniko, na bomba la shaba nyekundu lililozungushwa ndani ya ndoo ya maji baridi. Maji yalitoka maangavu, na mita ya TDS, inayopima jumla ya vilivyoyeyuka majini, ikasoma 1. Nikachanganya chumvi, nikabadilisha maji Jumamosi mbili mfululizo. Samaki walikula kama kawaida, lakini kamba walianza kulala ubavu na konokono wakadondoka kutoka kwenye kioo. Kwa kuwa samaki walikuwa wazima, sikuyashuku maji.

Kumbe ilikuwa shaba. Maji yaliyokenekwa hayana madini ya kuyatuliza, na yakikutana na hewa hufyonza kaboni dayoksaidi yakawa na uasidi kidogo, hivyo hula chuma yanachopitia. Samaki huistahimili shaba kiasi, ndiyo maana hutumika hata kama dawa ya vimelea vyao. Kamba, konokono na matumbawe hufa kwa kiasi kidogo sana, kiasi ambacho mita ya TDS haiwezi kukuonyesha. Inakupa jumla tu, haikuambii ni nini. Kwa hiyo njia yote ya mvuke iwe ya kioo au ya chuma kisichoshika kutu, na ununue kipimo cha shaba. Njia hiyo isizibe kamwe, sufuria isije ikalipuka.

Usidanganyike pia na maji ya betri ya dukani. Mengine ni maji yaliyokenekwa kweli, mengine yana asidi ndani yake. Mimi siyatumii kabisa.

Ukikeneka maji ya bomba, mwaga kikombe cha kwanza. Klorini na gesi nyingine hupanda na mvuke mapema, kwa hiyo kukeneka hakuondoi kila kitu. Yaache maji usiku kucha kwenye ndoo wazi kabla ya kuyachemsha, klorini ipungue.

Piga hesabu ya umeme kabla hujajifunga. Kila lita hula takriban uniti 0.7, na mashine ndogo ya mezani hutoa lita 4 kwa saa nne hadi sita. Tangi la lita 100 ukilibadilisha asilimia 10 kwa wiki ni lita 10, yaani kama uniti 7. Hiyo inabebeka. Kwa tangi la lita 400 ningekushauri ununue chujio la RO, linalosukuma maji kwa shinikizo kupitia utando mwembamba, ingawa nalo humwaga maji mengi.

Wengi huniuliza kwa nini nisichote tu baharini, nasi tuko pwani. Karibu na mji maji hubeba uchafu, na wakati wa masika mito huyapunguzia chumvi. Anayeweza kuchota mbali na mji, maji yakiwa safi, sina ugomvi naye.

Chumvi iwe ya akwariamu, kwa sababu maji haya hayana kalisi wala magnesi. Vyote vitatoka kwenye pakiti. Ya jikoni haifai. Tia chumvi ndani ya maji, takriban gramu 36 kwa lita, weka pampu ndogo izungushe hadi kesho yake, kisha upime ukolevu wa chumvi: lengo ni sehemu 35 kwa elfu, joto likiwa nyuzi 25 hivi. Usitie chumvi kavu tangini hata siku moja.

Kosa jingine la wageni ni kujazia maji ya chumvi tangi linapopungua. Kinachopaa ni maji tu, chumvi inabaki, kwa hiyo ukijazia yenye chumvi unazidi kuikoleza. Bandika kipande cha tepu kwenye kioo usawa wa maji, na kila asubuhi ujazie maji yaliyokenekwa, matupu, hadi kwenye alama hiyo.