Mfumo uko chini ya nini?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Ntinda, Kampala. Kwa miezi kadhaa sasa najifunza Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwenye meinfremu, zile kompyuta kubwa za IBM, kwa kutumia mashine pepe (sehemu ya meinfremu inayojifanya kompyuta kamili) niliyogawiwa kutoka ng'ambo. Maelezo nayaandika kwa Kiswahili ili wenzangu wa Kisumu na Mwanza nao wayasome. Je, niandike kusakinisha Linux, kusimika Linux, au niseme kuinstoo kama tusemavyo kazini? Naomba unijibu upesi. Leo nina nafasi kwa sababu mfumo uko chini.
Fundi, Ntinda

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Swali lako ni dogo na nitalimaliza haraka, ili niifikie ile sentensi yako ya mwisho iliyoniharibia chai ya saa nne.

Sakini ni neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake kukaa mahali, kutulia. Ukimsakinisha mtu umempa makao. Kusimika ni kusimamisha kitu kikae imara: nguzo, mlingoti, hata mtawala. Kabaka Mutebi wa Buganda alisimikwa Naggalabi, Buddo, tarehe 31 Julai 1993, na sikumsikia mtu akisema amesakinishwa. Kwa hiyo lile kabati la chuma, kubwa kama jokofu la bucha, linasimikwa, na Linux inasakinishwa ndani yake. Kuinstoo ni neno la gengeni. Liache huko, halijamdhuru mtu.

Barua imejibiwa. Sasa tukae vizuri tuzungumze habari ya mfumo kuwa chini.

Chini ya nini?

Hiyo -ko ya uko, iko na yuko ni ya mahali. Kikombe kiko chini, kiokote kabla mtoto hajakikanyaga. Paka yuko chini ya meza. Bei iko chini, hapo sawa, maana bei hupanda na kushuka, na mama wa sokoni Nakawa atakuonyesha kwa mkono ilipofika. Lakini mfumo si bei ya matooke. Mwingereza ana neno lake moja dogo la chini, down, ambalo kwake hubeba pia huzuni ya mtu na ubovu wa mtambo. Hiyo ni mali yake, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na sisi tuliochukua ganda tukaiacha punje kwake.

Mwezi uliopita nilipanga foleni katika benki moja mjini, ambayo sitaitaja kwa kuwa pensheni yangu ingali humo. Nilikuwa wa tisa. Nilipofika dirishani, binti akanitazama kwa huruma: "Mzee, sistimu iko chini." Nikainama. Wallahi niliinama, nikachungulia chini ya kaunta, nikaona viatu vyake na waya mwekundu.

"Chini ya nini, nnyabo?"

"Chini tu, mzee."

"Imeanguka?"

"Hapana. Iko chini."

"Na itainuka saa ngapi?"

"Hatujui, mzee, bado iko chini."

Jamaa nyuma yangu, aliyeshika bahasha ya karo, akaguna: "Mzee, kwani hukusikia? Iko chini." Nikakaa kwenye benchi. Baada ya saa nzima askari wa mlangoni akatangaza kwamba sistimu imepanda. Imepanda nini, boda boda? Tukarudi kwenye foleni, na sasa nikawa wa kumi na saba.

Ebu fikiria binti yule angetumia lugha aliyonayo. Angesema mtandao umekatika, ningejua ubovu uko njiani, kati ya tawi na makao makuu, na ningekwenda zangu nyumbani. Angesema kompyuta imeganda, ningemngoja aizime aiwashe. Angesema imezimika, ningetega sikio nisikie kama jenereta imewashwa. Kukatika, kuganda, kuzimika, kukwama, kugoma, kulegea: kila kitenzi hapa kina ugonjwa wake, na msikilizaji hupata la kufanya. "Iko chini" humpa benchi tu.

Sasa turudi kwako, fundi. Kwako kosa ni kubwa zaidi, kwa sababu binti wa benki hakuijenga ile sistimu, na wewe unatarajia watu wa Mwanza wajifunze kwako. Uliniachia namba ya simu, nikakupigia, na ulinieleza kwa uvumilivu mkubwa wiki yako ilivyokwenda. Wasomaji wengine wasikie, maana katika wiki hiyo mfumo ulikuwa "chini" mara nne, na hapakuwa na mara mbili zilizofanana.

Jumatatu alikuwa akiiwasha kwa mara ya kwanza. Nilidhani mashine ya namna hii inawekewa kijiti cha USB. La hasha. Mashine pepe inayoishi ndani ya z/VM, programu ya IBM inayoigawa meinfremu moja kuwa mashine pepe nyingi, husakinishiwa Linux kwa kupitia kisoma kadi. Ndiyo, kadi zile za karatasi zenye matundu, za enzi za System/360, meinfremu ya IBM iliyotangazwa Aprili 1964, ila sasa ni kadi za kufikirika tu. Unatuma mafaili matatu kwenye kisoma kadi hicho: kiini cha Linux (moyo wa mfumo wenyewe), faili la vigezo, na diski ya muda ya kuanzia. Kila kipande kiwe na baiti 80, kwa sababu kadi ilikuwa na safu 80. Halafu unaiamuru mashine ijiwashe kutoka kwenye kifaa namba 00C. Kijana wangu alituma kiini kama maandishi ya kawaida, na mitambo ikamfanyia hisani ambayo hakuiomba: ikatafsiri. Kwenye kompyuta zetu za kawaida herufi A huhifadhiwa kama 65. Meinfremu, kwa jedwali lake la EBCDIC, huihifadhi kama 193. Kwa barua, hiyo ni tafsiri njema. Kwa kiini cha Linux, ambacho si maandishi hata kidogo, ni kama kumchinja ng'ombe ili umpitishe mlangoni.

Mashine ikatoa mstari mmoja, ikanyamaza. Prosesa imeingia katika hali ya kungoja huku milango yote ya kuamshwa imefungwa. Haikuiti, na ukiiita haisikii. Nikamwuliza: hiyo nayo iko chini? Imesimama wima, macho wazi, haisemi wala haisikii. Mswahili ana neno la hali hiyo tangu babu zake: imezubaa. Andika hivyo: "Ikizubaa baada ya kuiwasha, tuma kiini upya, na safari hii usiruhusu kitafsiriwe."

Jumatano diski ya pili haikuonekana. Alikuwa ameiamsha Jumanne kwa amri ya chccwdev, akaiona, akalala kwa furaha. Asubuhi mashine ilipowashwa upya, hakuna diski. Kumbe amri ile huamsha kifaa mpaka mashine izimwe tu, na asiyeandika kwenye mipangilio ya kudumu ataamsha kila asubuhi kama mama mwenye mtoto wa shule. Linux ya kabati hilo haina kiherehere cha kompyuta ya mezani ya kuamsha kila kinachochomekwa, kwa sababu huenda kuna maelfu ya vifaa, na vingi ni vya watu wengine. Mfumo ulikuwa mzima. Diski ilikuwa imelala.

Ya Alhamisi ndiyo niliyoipenda. Alibadilisha kiini kwa mkono, akaweka kipya mahali pa cha zamani, akasahau kuendesha zipl. Kazi ya zipl ni kuandika mwanzoni mwa diski orodha ya mahali vipande vya kiini vilipo. Kiini kimehama, orodha haijui. Mashine ikawaka, ikasoma orodha, ikaenda kubisha hodi kwenye nyumba ya Kisenyi ilhali mwenyewe alikwishahamia Bweyogerere. Ikakuta wapangaji wengine, na mambo yakaharibika. Hapo imepotea njia. Kijana, huoni raha ya kusema hivyo? Na dawa imo ndani ya neno lenyewe: ipe anwani mpya, endesha zipl.

Ijumaa ilikuwa mtandao tu. Kadi ya mtandao ya mashine hizo hudai namba tatu za kifaa, ya kusoma, ya kuandika na ya data, naye alitaja mbili. Mfumo uliwaka vizuri, ukakaa peke yake kama mgeni asiyejua lugha ya kijiji. Akalazimika kuingia kwa konsoli ya 3270, ambayo huandika mstari baada ya mstari na haikubali kihariri cha vi alichokizoea. Akahariri kwa ed, kihariri cha wazee, na nilimsikia kwenye simu bado ana hasira.

Imezubaa, imelala, imepotea njia, haijaunganishwa. Haya yote aliyaita kwa jina moja, halafu akashangaa wenzake wa Kisumu kumjibu, "Pole sana." Wangemjibu nini tena?

Na kuna jambo lingine lililonichekesha. IBM wenyewe husema ile herufi z katika jina la mashine hizo ni ya sifuri, yaani sifuri ya muda wa kusimama. Linux ilipokelewa huko Desemba 1999, kampuni ilipotoa msimbo wake wa S/390, kizazi cha meinfremu kilichotangulia hizo za z, ikakaa kwenye chuma kisichokatakata huduma. Basi mashine iliyopewa jina la kutosimama, sisi wa Kampala tumeilaza chini kwa sentensi moja.

Kuna watakaoniandikia kwamba lugha hukua na Kampala ina Kiswahili chake. Najua, nimekisikia kikipita kambini na gerezani kabla hakijafika darasani, na tangu baraza la mawaziri lilipokubali Julai 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni, sanduku langu la barua halijai tena malalamiko bali maswali. Nafurahi. Lakini hata Kampala haihitaji "iko chini". Umeme ukiondoka (nasema umeme wenyewe, si kampuni iliyobeba jina hilo miaka 20) Muganda husema amasannyalaze gavuddeko, yametoka yalipokuwa. Hasemi yako sakafuni. Na nenda Katwe kwa mafundi wa magari, ambao Kiswahili walikiokota kwa madereva wa malori ya Mombasa. Gari likifika pale, fundi atakwambia imechemsha, inakohoa, imeziba, imekata mkanda. Gari liko chini? Hapana, ssebo. Aliye chini pale ni fundi mwenyewe, amelala chali juu ya katoni, na ndilo tumizi pekee la neno hilo nililolikuta Katwe likiwa na kazi halali.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Binti wa benki namsamehe. Ana foleni mbele yake na meneja nyuma yake, na nikirudi mwezi ujao akaniambia iko chini, sitainama tena, mgongo wenyewe haukubali. "Sistimu imerudi" nitalivumilia, kwa kuwa umeme nao hurudi na hatuuulizi ulikuwa wapi. Lakini wewe fundi, unayeandikia wenzako, ukiliacha neno hilo katika maelezo yako hata mara moja, nitakupigia tena, na nitakupigia usiku.

Jana jioni amenitumia ujumbe: "Mwalimu, haijazubaa tena. Imewaka, diski zote zimeamka, mtandao umekubali. Sasa inaniomba nywila."

Nywila! Tuonane wiki ijayo.