Mvua iwe kanuni kabla haijawa picha

Mmeuliza wiki hii: ukiruhusiwa kuongeza kitu kimoja kwenye mchezo wa mkakati wa vita unaochezwa na wengi mtandaoni, utaongeza nini, na kwa njia gani? Jibu langu ni hali ya hewa, hasa mvua na tope lake. Tatizo ni kwamba wengi huanza kwa kuchora matone na kuweka ngurumo, ndipo wajiulize mvua hiyo inamfanya nini askari.

Masika ya 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, yanatufundisha vizuri. Mwezi Aprili wapanda farasi wa Jenerali van Deventer, upande wa Waingereza, waliuteka mji wa Kondoa Irangi, katikati ya Tanzania ya leo, kutoka kwa Wajerumani. Mvua ikakata njia nyuma yao: magari ya mizigo yakakwama, chakula kikapungua, farasi wakafa kwa wingi, na kikosi kikanasa hapo kwa wiki kadhaa. Kilichowavunja nguvu ni kukatika kwa ugavi. Kwa hiyo msiandike "mvua inapunguza nguvu ya shambulio kwa asilimia 20". Hiyo inawapunguzia wote sawa na haimlazimishi mtu kubadili mpango. Ifanyeni mvua iguse mwendo na mizigo.

Chukua ramani ya miraba 256 kwa 256, uigawe katika kanda za miraba 16 kwa 16. Zitakuwa kanda 256, na kila moja ina namba yake ya tope, kuanzia 0 hadi 255. Mvua ikinyesha, ongeza 2 kila sekunde. Ikikatika, punguza 1 kila sekunde. Mvua ya sekunde 90 itaacha tope la 180, litakalokauka kwa dakika 3. Mwendo mpya ni mwendo wa kawaida mara (1000 − 2 × tope), gawanya kwa 1000. Kwa tope la 180 askari wa miguu anabaki na asilimia 64. Kwa mkokoteni na mzinga, weka 3 badala ya 2, wabaki na 46. Barabara ya mawe isiguswe kabisa, ili iwe kitu cha kupigania. Na zidisha kwanza ndipo ugawanye: kwa namba kamili, 640 gawanya kwa 1000 ni sifuri, na jeshi zima litaganda.

Namba kamili ni lazima. Michezo mingi ya aina hii, Age of Empires ya 1997 ikiwemo, haitumi mtandaoni mahali alipo kila askari. Inatuma amri tu, kisha kila kifaa kinapiga hesabu zote chenyewe. Desimali zikizungushwa tofauti kidogo kati ya vifaa viwili, dakika chache baadaye kwako mnara umeanguka, kwa mwenzako bado umesimama.

Mtego mbaya kuliko yote uko kwenye namba za bahati nasibu. Mvua inahitaji kujua wingu litatokea wapi, na matone nayo yanahitaji kujua yadondoke wapi. Vyote viwili vikichota kwenye jenereta moja, yaani programu ndogo inayozalisha namba hizo, mwenye simu ya bei nafuu aliyepunguza matone atachota mara chache kuliko mwenye kompyuta kubwa, na wingu linalofuata litatokea sehemu tofauti kwa kila mmoja. Weka jenereta mbili: ya kanuni, yenye mbegu (namba ya kuanzia) moja kutoka kwenye seva, na ya picha, ambayo kila kifaa kina yake. Aliyekatika mtandao akirudi, apewe namba za tope pamoja na hali ya jenereta ya kanuni ilipofikia, la sivyo atakwenda sawa na wenzake hadi wingu lijalo tu.

Programu ya kutafuta njia nayo italemewa ikikokotoa upya kila tope linapopanda kwa 2. Kwa programu hiyo, lipe tope ngazi 4 tu. Kuingia ngazi ya pili kuwe 64, kutoka kuwe 48. Mpaka ukiwa mmoja, kikosi kitageuka huku na huku pale pale.

Ukungu ukiwa wa picha tu, mjanja atauzima kwenye mipangilio na kuwaona wapinzani wake. Upunguze umbali wa kuona ndani ya kanuni, mfano kutoka miraba 10 hadi 6. Kwa mechi ya wawili, wingu likipita kwa mmoja, pacha wake apite upande wa pili, na wote watangaziwe sekunde 60 kabla. Kushindwa na mvua usiyoweza kuiona ikija ni uonevu.

Kabla ya kuitoa, chezesha mechi moja kwenye vifaa viwili, kimoja chenye picha za juu, kingine za chini kabisa, mvua ikinyesha mfululizo. Kila baada ya sekunde 5 linganisha jumla ya ukaguzi ya vyote viwili, yaani namba moja inayofupisha hali nzima ya mechi, tope likiwa ndani ya hesabu. Zikitofautiana, anza kupekua kwenye matone.