Nguzo ya ngazi ikicheza, anzia chini

Nguzo ya reli kwenye ngazi za mbao za nje ikianza kucheza, wengi wetu hukimbilia msumari. Unapigiliwa mmoja, baada ya muda mwingine, mpaka mbao inapasuka na nguzo bado inayumba. Msumari ukivutwa huku na huku hulegea, hata uwe mrefu kiasi gani.

Nguzo ile ni wenzo, na kinachofaa kuishika ni bolti mbili, moja juu na moja chini, zinazoifunga kwenye ubao wa ubavuni, ule unaobeba vidato vya ngazi. Tuseme mtu ameegemea reli kwa nguvu ya kilo 20 tu, sentimita 90 juu ya bolti ya chini, na bolti mbili zimeachana sentimita 15. Bolti ya juu inavutwa kwa kilo 120! Ndiyo maana mimi huziachanisha bolti kadiri upana wa ubao wa ubavuni unavyoruhusu, nikibakiza kama sentimita 5 kutoka kila ukingo. Tena sizipangi wima moja juu ya nyingine. Naisogeza moja kidogo pembeni, zisikae kwenye nyuzi zilezile za mbao na kuipasua.

Tumia nguzo ya inchi 4 kwa 4 na bolti mbili za milimita 12 zinazotokeza upande wa pili, kila moja na washa pana pande zote mbili. Ziwe zimepakwa zinki au za chuma cha pua, kwa sababu dawa nyingi za kutibu mbao zina shaba, nayo hula chuma cha kawaida. Bana nguzo kwa klampu, hakikisha imesimama wima kwa pima maji, pande mbili, ndipo utoboe.

Kuna wanaochonga nguzo nusu ili ikumbatie ubao. Inapendeza macho, lakini siipendi hata kidogo: ukipunguza unene kwa nusu, uwezo wake wa kuhimili kupindwa unabaki robo, na ufa huanzia palepale kwenye kona ya mchongo.

Sasa, unaweza kufanya yote hayo na nguzo ikaendelea kucheza. Inama chini ya ngazi, mwambie mwenzako asukume reli. Mara nyingi utaona nguzo imeshikana vizuri na ubao, ila ubao wenyewe ndio unaojipinda. Dawa yake ni kipande cha mbao nene kilichokatwa kubana kabisa kati ya mbao mbili za ubavuni, nyuma ya nguzo, kikakazwa kwa skrubu ndefu kutoka pande zote mbili. Kazi hii haionekani ngazi ikikamilika, nadhani ndiyo maana mafundi wengi huiruka.

Kichwa cha nguzo kikate kwa mshazari maji yateremke, na kila ulipokata paka dawa ya mbao. Mbao mbichi hunywea ikikauka, kwa hiyo miezi michache baadaye pita tena na spana. Nati zitakuwa zimelegea.