Ruhusa ya kuficha kikasha bustanini

SWALI: Nimezoea kutafuta vikasha vya jiokashi, vile vinavyofichwa na kutafutwa kwa GPS. Sasa nataka kuficha changu katika bustani ya umma. Mahali pako wazi kwa kila mtu, je, kibali cha nini? Na nikiomba, niandike nini?
Msomaji

JIBU: Uwazi wa bustani unakupa haki ya kuingia na kutembea, si ya kuacha kitu. Masharti ya Geocaching.com, tovuti inayoorodhesha vikasha hivi, yanakutaka uwe na ruhusa ya mwenye eneo au msimamizi wake, na mkaguzi, yaani anayepitisha vikasha vipya kabla havijatangazwa kwenye tovuti hiyo, anaweza kukudai jina na cheo cha aliyekuruhusu. Isitoshe, boksi lisilojulikana chini ya benchi linaweza kudhaniwa bomu, na polisi wakaitwa.

Mlinzi wa getini akikwambia "weka tu", usitosheke: zamu ikibadilika, mwenzake atakitupa. Nenda kwa msimamizi au idara yenye bustani, uulize kama wana fomu yao na kama kibali kina mwisho wa muda.

Lakini kabla ya hapo, mwandikie mkaguzi umwulize kama eneo liko huru. Vikasha lazima viachane angalau mita 161, na vituo vya siri vya vikasha vyenye hatua nyingi (kituo kimoja hukuelekeza kwenye kingine) havionekani kwenye ramani. Wengi huhangaikia kibali wiki nzima, kisha wanakataliwa kwa sababu hii.

Barua iwe ukurasa mmoja. Eleza mchezo kwa sentensi mbili, kisha taja latitudo na longitudo, ukubwa wa chombo, utakikagua kila baada ya muda gani na namba yako ya simu. Ambatisha picha ya mahali penyewe. Ahidi kukiondoa siku yoyote watakapotaka. Ahadi hii huwalainisha kuliko maelezo yote.

Hofu yao kubwa ni nyayo. Watafutaji wakikatiza pale pale kila siku, majani hufa na njia mpya huchongeka. Kwa hiyo chagua mahali panapofikika kwa mkono ukiwa njiani, mbali na vitalu vya maua na viota. Usichimbe wala usipigilie msumari mtini.

Chombo kiwe cha plastiki inayoonyesha ndani, kisichopitisha maji. Nje andika kuwa ni cha mchezo wa jiokashi, pamoja na mawasiliano yako. Ndani usiweke chakula hata kidogo. Wanyama watakitafuna kwa kufuata harufu.

Wakikataa, omba sehemu nyingine ya bustani hiyo hiyo. Ikishindikana, tumia kibao cha maelezo kilichopo humo kama kituo cha kusoma namba zinazoelekeza kilipo kikasha, na kikasha chenyewe ukiweke nje ya bustani, kwenye eneo ulilopewa ruhusa.