Nani Aliyemgeuza Baba Usiku? Maswali Yenu Kuhusu Wahudumu wa Afya

Wiki hii mmeniuliza sana kuhusu kazi ninayoijua kwa mikono yangu. Kabla sijasomea uuguzi nilikuwa mhudumu wa afya, na hata leo, nimestaafu nipo zangu Ujiji, nikisikia mtu anasema "yule mfagiaji wa wodini" moyo huniuma.

Shikamoo mama. Nimemaliza kidato cha nne, naishi Mwandiga. Mjomba anataka nisomee uhudumu wa afya mwaka mmoja. Wenzangu wananicheka eti nakwenda kusomea kupiga deki. Ni kweli?

Marahaba mwanangu. Deki ipo, sikufichi. Enzi zetu ndiyo ilikuwa asubuhi nzima, ndoo na tambara kuanzia wodi ya wazazi hadi mlango wa nje. Siku hizi hospitali kadhaa za umma zimekabidhi sakafu na madirisha kwa kampuni za usafi, na mhudumu kabaki na lililo gumu zaidi, yaani mgonjwa mwenyewe. Soma tangazo la serikali la ajira ya Mhudumu wa Afya. Utakuta kuwalisha, kuwaogesha na kuwapeleka haja wasiojiweza, kupeleka sampuli maabara, kuchukua dawa bohari, kupeleka vifaa vikatakaswe, kuchukua maiti. Ukipangiwa zahanati ya kando ya ziwa, haya yote utayafanya na deki utapiga, maana kampuni ya usafi haifiki huko.

Zamani tuliambiwa "fanya hivi" tukafanya. Sasa unatakiwa ujue kwa nini. Mkoa wetu wa Kigoma umepakana na Kagera, ambako Marburg ilitangazwa Machi 2023 na tena Januari 2025. Ugonjwa ule huambukiza kwa damu na majimaji ya mwili. Anayekusanya shuka zilizolowa na kumwaga matapishi ni nani? Ni huyo wanayemcheka. Asipojua kuvua glavu bila kugusa upande wa nje, au akachanganya taka za chombo chekundu, zile zenye maambukizi, na za jikoni, atawaambukiza wenzake zamuni na watoto wake nyumbani. Kasome. Ila kabla mjomba hajalipa ada, hakikisheni chuo kinatambuliwa na serikali.

Baba yangu alipooza upande mmoja, tukalazwa naye wiki tatu. Kila usiku nesi mmoja alikuwa akimgeuza na kuongea naye Kiha, na baba alimwambia yeye tu kuwa hajapata choo siku nne. Siku ya kuondoka nikaambiwa si nesi, ni mhudumu. Je, tulihudumiwa na mtu asiye na ujuzi? (Kasulu)

Hapana, dada yangu, mlihudumiwa vizuri sana. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, ama sivyo ngozi ya makalio na visigino hukosa damu ikaoza, na kidonda kile huweza kumwua mtu aliyekwisha kupona kiharusi. Muuguzi mwenye wodi iliyojaa hawezi kulifanya peke yake.

Na hicho Kiha usikipuuze. Umeandika kwamba mzee alimwambia yeye tu kuwa hajapata choo siku nne. Daktari mgeni angelijuaje? Mzee wa Kiha hamwambii kijana asiyemfahamu habari za choo, tena kwa Kiswahili. Nimeona mara nyingi mhudumu akiwa ndiye sikio la wodi nzima, na ningependa kila raundi ya daktari ianze kwa kumwuliza yeye: usiku ulikuwaje?

Mimi ni mhudumu kituo cha afya. Usiku tunabaki wawili, mimi na muuguzi. Akizidiwa ananiambia nichome sindano au nibadilishe dripu. Nimeshajifunza kwa kuangalia. Nikatae?

Kataa, mdogo wangu. Najua inavyokuwa saa tisa usiku, mama anajifungua chumba hiki na mtoto ana degedege chumba kile. Nami niliambiwa hivyo nikiwa na miaka ishirini na miwili, nikachoma. Yule mtoto hakudhurika, lakini sikulala siku mbili, maana nilikuwa nimesoma lebo ya chupa baada ya kuchoma. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inataka anayefanya kazi ya uuguzi awe na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Wewe huna, na likitokea jambo hutakuwa na wa kukutetea.

Lakini usikatae kwa kukunja mikono. Mwambie: "Dada, sindano sichomi, ila nakushikia mtoto, nakuletea dawa uisome mwenyewe." Hesabu pumzi za mtoto dakika nzima, angalia dripu kabla haijaisha, mwite mapema. Asubuhi mweleze mganga mfawidhi kwamba watu wawili usiku hawatoshi. Mkaseme pamoja na huyo muuguzi, maana naye ameonewa.

Sindano iliyotupwa kwenye taka imenichoma kidole. Nifanye nini?

Osha sasa hivi kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue. Toa taarifa saa hiyo hiyo upimwe, na ikihitajika uanze dawa kinga ya VVU. Mwisho ni saa 72, lakini mapema ndiyo bora. Uliza pia chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu. Usione aibu. Aibu ni ya aliyeacha sindano nje ya sanduku lake.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii ni hao hao?

Si hao. Wale wanapita nyumba kwa nyumba vijijini. Mpango wao ulizinduliwa Januari 2024, ukilenga watu 137,294 kwa miaka mitano, na mafunzo yao ni ya miezi sita.

Nimpe chochote mhudumu aliyemwogesha mama yangu hadi akapona?

Fedha usimpe, utamponza. Andika barua, utaje jina lake na wodi, umpelekee muuguzi mfawidhi. Mimi ninayo moja ya mvuvi wa Kalya, imeandikwa kwa penseli. Nimeihifadhi pamoja na vyeti vyangu.