Jibu kwa ndugu wa Kasulu anayetaka kutuma fedha Dar kwa ajili ya simu iliyotumika

Ndugu yangu wa Kasulu, umeuliza kama ni salama kumtumia shilingi 320,000 muuzaji wa Dar es Salaam ambaye umemwona mtandaoni tu, ili naye akupakilie simu iliyotumika kwenye basi, na umesema kinachokutia wasiwasi ni betri na kioo. Ninakujibu kwa urefu kwa sababu mwaka 2022, nikiwa hapa Mwanga, Kigoma Mjini, nilifanya jambo hilohilo, na wasiwasi wangu ulikuwa huohuo. Betri ilikuja nzima. Kioo hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Pamoja na hayo, simu ile niliitumia siku 26 tu.

Nilituma shilingi 240,000, na kweli simu ikafika stendi siku ya tatu, ikiwa ndani ya boksi lake, na chaja yake. Niliitia laini, nikapiga, nikapigiwa, nikapiga picha za ziwa jioni ile nikiwa na furaha. Asubuhi ya siku ya 27 niliiwasha nikakuta kioo kizima kimefunikwa na tangazo kwamba simu imefungwa kwa kuwa malipo yamechelewa, na kwamba mteja apige namba fulani ili alipe deni lake. Mimi sikuwa na deni kwa mtu yeyote. Nilipopiga namba ile niliulizwa jina la mwenye mkataba, na jina lililokuwa kwenye mkataba si langu wala si la yule muuzaji niliyemtumia fedha. Namba ya muuzaji ilikuwa imekwisha kuzimwa.

Nilichojifunza baadaye, kwa kuwauliza mafundi wawili na wakala mmoja wa simu za mkopo, ndicho ninachotaka ukielewe vizuri kabla ya jambo lingine lolote. Simu nyingi nchini siku hizi huchukuliwa kwa kianzio kidogo, kisha mteja hulipa kidogo kidogo kila siku au kila wiki, na kampuni inayokopesha huweka ndani ya simu programu ya kufuli inayofungamana na namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho ambayo kila simu huwa na yake. Mteja akilipa, simu hufunguka. Akiacha kulipa, hujifunga. Asiye mwaminifu hulipa kianzio, huongeza malipo ya wiki chache ili kufuli lisijitokeze, kisha huiuza simu kwa mtu wa mbali kwa nusu ya bei ya dukani. Mnunuzi wa Kigoma, aliye zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar, anapendeza kuliko wa Temeke ambaye anaweza kugonga mlango kesho yake. Kwa hiyo simu kufanya kazi vizuri siku unayoipokea hakuthibitishi chochote, maana imepangwa ifanye kazi siku hiyo.

Fundi mmoja wa hapa mjini aliniambia kwamba kwa shilingi 40,000 angeweza kuiflashi ile simu, yaani kufuta programu zake na kuziweka upya, ikafunguka. Nilikataa. Kwanza, mwenzangu aliyekubali kazi kama hiyo alitumia simu yake mpaka siku alipoiunganisha na intaneti, ikatambulika na kujifunga tena. Pili, mafundi wengine hubadili namba ya IMEI, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza jambo hilo. Sikuona sababu ya mimi niliyeibiwa kuingia katika kosa la jinai ili kuokoa fedha zilizokwisha kupotea.

Kufuli la mkopo lina ndugu yake, nalo ni akaunti ya mwenye simu wa kwanza. Simu za iPhone tangu mfumo wa iOS 7 wa mwaka 2013, na simu za Android tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015, zina ulinzi unaozifanya zidai akaunti na nenosiri la mwenyewe hata kama kila kitu kimefutwa. Ulinzi huo uliwekwa ili mwizi asinufaike, na ni jambo jema, lakini anayeumia ni mnunuzi aliyelipa kwa nia safi.

Njia ya kuyafichua makufuli yote mawili ni moja, nayo lazima ifanyike mbele ya muuzaji kabla fedha haijatoka mkononi. Mwambie aondoe akaunti zake kwa nenosiri lake mwenyewe, airejeshe simu katika hali ya kiwandani, kisha iwashwe upya, iunganishwe na intaneti na kuingizwa akaunti yako. Simu yenye akaunti ya mtu mwingine itaidai papo hapo. Simu ya mkopo mara nyingi itaonyesha katika hatua za mwanzo kwamba kifaa kinasimamiwa na kampuni fulani, au programu ya kampuni hiyo itajirudisha yenyewe. Muuzaji akisema amesahau nenosiri, au simu aliachiwa na shemeji yake aliyesafiri, biashara iishie hapo, hata kama bei inavutia namna gani.

Jambo la pili ni zito zaidi, na ninalisema kwa sababu lilimpata binamu yangu wa Ujiji. Alinunua simu kwa mtu aliyetangaza mtandaoni, wakakutana na kulipana bila maandishi yoyote. Baada ya miezi miwili aliitwa polisi. Simu ilikuwa imeripotiwa kuibwa mkoa mwingine, na kilichomtambulisha ni laini yake mwenyewe, maana unapoweka laini ndani ya simu, mtandao huiona namba ya IMEI pamoja na namba yako, na tangu usajili kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, namba yako ina jina na kitambulisho chako cha NIDA nyuma yake. Mnunuzi ndiye anayefikiwa kwanza, si mwizi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 311, inamgusa anayepokea mali ya wizi huku akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa, na bei ya kutupa bila risiti ni miongoni mwa mambo ambayo mpelelezi atakuuliza. Binamu yangu aliokolewa na jumbe za mazungumzo na muamala alioutuma, ambavyo kwa bahati hakuwa amevifuta. Simu aliirudisha, na fedha hakuipata.

Ndiyo maana ninakusihi udai karatasi. Risiti ya dukani ya kwanza ikiwepo ni bora, na isipokuwepo, muandikishane makubaliano yenye jina la muuzaji, namba ya NIDA, namba ya IMEI na bei, na ikiwezekana mbele ya mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Muuzaji halali hakasiriki kuombwa haya.

Namba ya IMEI utaipata kwa kubonyeza *#06#, nayo ina tarakimu 15. Itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, na jibu litakueleza aina ya simu inayotambulika kwa namba hiyo. Kama jibu linataja aina tofauti na unayouziwa, hiyo ni kopi au namba imechezewa. Utaratibu huu ulizoeleka wakati Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia Juni 2016, wakati wengi wetu tulipoamka na kukuta simu haina mtandao. Lakini usiupe kazi isiyo yake: unakuambia kama simu inatambulika, haukuambii ina deni la nani wala ilichukuliwa mfukoni mwa nani.

Kuhusu betri na kioo ulivyouliza, nitasema machache. Kwenye iPhone, mipangilio inaonyesha afya ya betri, na mtengenezaji anasema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500. Samsung nyingi hufungua ukurasa wa majaribio ya kioo na spika ukibonyeza *#0*#. Epuka simu ya zamani mno, kwa kuwa WhatsApp tangu Mei 2025 haifanyi kazi kwenye iPhone 6 na zilizotangulia. Na ukiamua kununua huku kwetu mwambao wa ziwa, chomoa kitunza laini na umulike ndani: simu nyingi zina alama ndogo nyeupe ambayo hugeuka nyekundu ikiguswa na maji, na simu zinazouzwa Kibirizi na Katonga zimepanda mitumbwi kuliko unavyodhani.

Sasa kuhusu huyo muuzaji wako. Usimtumie hata nusu ya fedha. Umesema una dada yako Temeke. Mwombe aende kukutana naye mchana, dukani au mahali penye watu, afanye zoezi la kurejesha simu kiwandani kama nilivyoeleza, akusomee namba ya IMEI kwa simu uitume wewe mwenyewe 15090, na waandikishane. Fedha uitume hapo ndipo, ukiangalia kama jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri ni lilelile lililo kwenye kitambulisho. Dada yako ndiye aipeleke simu stendi.

Leo jioni mwandikie muuzaji maswali mawili tu: simu ilinunuliwa taslimu au kwa mkopo, na je, yuko tayari kuifuta na kuiwasha upya mbele ya dada yako. Akikubali yote mawili, mpange siku. Akianza kusema kuna mteja mwingine anayesubiri na utume angalau kianzio ili akushikie, muage kwa heshima, na ujumbe wake uuhifadhi.