Ndoo ya dagaa darasani: hisabati na haki vinakutanaje?

SWALI: Nafundisha hisabati kidato cha nne katika shule ya kutwa jirani na mwalo wa Kirumba. Wanafunzi wangu wengi ni watoto wa wavuvi na wa akina mama wanaoanika dagaa. Natamani masomo yaguse dhuluma wanazoziona nyumbani, ila mkuu wa idara anasema nitaingiza siasa na mada hazitaisha kabla ya mtihani. Nianzie wapi? – Mwalimu, Ilemela

JIBU: Anzia kwenye mada uliyo nayo wiki hii, mwalimu, si kwenye dhuluma. Ukitanguliza dhuluma utaishia kutafuta hesabu ya kuibandika juu yake, na wanafunzi wataligundua hilo haraka. Tafuta jambo ambalo watu wanabishania na ambalo bila hesabu haliamuliki.

Ukifika kwenye ujazo wa koni, chukua ndoo ya lita 20. Mnunuzi anayetaka dagaa zirundikwe mpaka zichongoke juu ya mdomo wa ndoo analipa bei ya ndoo moja. Kile kichuguu ni koni. Waache wanafunzi wajaze ndoo kwa mchanga wa ufukweni, wapime wenyewe. Tuseme nusu kipenyo ni sentimita 14 na kimo cha kichuguu ni sentimita 9: theluthi moja × 22/7 × 14 × 14 × 9 inatoa sentimita za ujazo 1,848, yaani karibu lita 1.85. Hiyo ni zaidi ya asilimia 9 ya ndoo. Mama akiuza ndoo kumi, lita 18 na ushee zimeondoka bila malipo.

Usiishie hapo. Wakwangue kichuguu kwa ubao na kukipima kwa jagi la lita. Jibu litatofautiana kidogo na la kanuni, kwa sababu ncha ya mchanga huwa butu. Mjadala wa tofauti hiyo ni hisabati safi kabisa. Kisha mpe mnunuzi nafasi ya kujitetea: dagaa hushindiliana safarini, ndoo iliyojaa Kirumba haifiki imejaa. Je, nyongeza ya asilimia 9 inalingana na hasara hiyo? Kwa nini mizani ingemaliza ubishi? Darasani kwako huenda yumo mtoto wa muuzaji na mtoto wa mnunuzi, na wote wawili wanastahili kutoka wakiwa na hoja, bila fedheha.

Kwa sababu hiyo hiyo, mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa inayorejeshwa kidogo kidogo kila siku, ifundishe kwa mfano wa kubuni tu. Usimuulize mtoto nani kwao anadaiwa. Mtu akikopa 100,000 na kurejesha 5,000 kila siku kwa siku 26, analipa 130,000. Wengi wataandika riba ya asilimia 30. Lakini deni lilikuwa likipungua kila siku, hivyo kwa wastani alikaa na takriban 52,000 tu, nusu na ushee ya fedha zile. Ukigawanya 30,000 kwa wastani huo unakaribia asilimia 58, tena kwa muda usiofika mwezi. Jumla ya mfululizo wa hesabu waliyojifunza kidato cha tatu inatosha kuonyesha hivyo.

Kuhusu siasa, mkuu wako wa idara ana hoja moja nzito: kutomaliza mada nako ni kuwadhulumu watoto. Bob Moses, aliyepigania haki ya weusi kupiga kura kule Mississippi, alifundisha hisabati Same miaka ya 1970. Aliporudi Marekani alianzisha Algebra Project, mradi wa kufundisha aljebra, mwaka 1982, akiamini kwamba mtoto wa maskini asiyefundishwa aljebra vizuri amefungiwa mlango. Haki aliyoitafuta ilikuwa ndani ya aljebra yenyewe.

Basi tenga vipindi viwili kwa muhula, si kila wiki. Wabishane kwa Kiswahili, kwa sababu hapo ndipo fikra zao zinapokwenda kasi, kisha waandike ukokotoaji kwa Kiingereza kama mtihani unavyotaka. Mwisho wa kipindi cha pili wape swali la koni kutoka mtihani uliopita, lisilo na dagaa wala ndoo. Wakikwama, rudia kanuni kabla ya kuendelea na mjadala mwingine, na majibu yao mpelekee mkuu wa idara ayaone.